Mizani za Jiji

Mshairi haogopi hesabu. Atungaye shairi la vipande viwili huhesabu mizani 8 za ukwapi na 8 za utao, zikatimia 16. Ikipungua moja, sikio la msikilizaji hushtuka kabla akili haijajua sababu. Sikio la namna hiyo, likielekezwa kwenye idadi kubwa, husikia mambo ambayo jicho huyapita.

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake, na Mkoa wa Dar es Salaam ukapata 5,383,728. Jumla ya tarakimu hizo ni 36, kwa hiyo namba yote yagawanyika kwa 9. Ikivunjwa hadi kwenye namba tasa, hupatikana 2 mara nne, 3 mara mbili, 7 mara tatu, na mwishoni 109, kama mgeni aketiye peke yake barazani. Na kwa kuwa 2 imo mara nne, namba hiyo hugawanyika kwa 16 bila baki. Kila mkazi akihesabiwa kuwa mizani moja, mkoa mzima ni mishororo 336,483 iliyotimia.

Lakini wilaya zake, zikipimwa moja moja, nyingi hazitimii. Kinondoni, yenye watu 982,328, hutoa mishororo 61,395 na kubakiwa na mizani 8: ukwapi usio na utao. Ilala, yenye 1,649,912, nayo hubakiwa na 8. Temeke, yenye 1,346,674, hubakiwa na 2 tu. Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke hiyo hiyo, ina 317,902 na hubakiwa na 14. Ubungo peke yake, yenye 1,086,912, haidai wala haidaiwi. Basi utao wa Kinondoni uko Ilala, na mizani 2 za Temeke hukamilishwa na 14 za ng'ambo ya kivuko.

Mwenye shaka atasema kuwa hiyo ni bahati ya tarakimu tu, na hasemi uongo. Hata hivyo, bahati hiyo ilimtegemea kila mtu. Namba mbili zifuatanazo hazina kigawo cha pamoja ila 1. Lau usiku ule angesahauliwa mtu mmoja, mpangaji wa chumba cha uani Tandale au mlinzi aliyekesha lindoni Mbagala, ingesomeka 5,383,727. Hapo 2 ingeondoka, na 3, na 7, na 109 pia. Asibaki hata mmoja wa wale wa mwanzo. Katika mamilioni, mmoja huonekana si kitu. Kumbe ndiye aliyeshikilia vigawo vyote.

Tena mishororo ile, ikipangwa minne minne, hutoa beti 84,120 na kubakiza mishororo 3. Ubeti wa mwisho umekosa kituo, na wa kukijaza ni watu 16 ambao usiku ule walikuwa hawajafika.