Picha Zilizotupwa Mtoni

Mgeni anayefika Paris hukimbilia mnara wa Eiffel. Akipata nafasi, apite pia Boulevard Montmartre, penye Musée Grévin, jumba la sanamu za nta. Wengi huingia humo kutazama sura za watu mashuhuri. Mimi niliingia kwa ajili ya katuni.

Tarehe 28 Oktoba 1892, miaka mitatu kabla ya ndugu wawili Lumière kuonyesha senema yao mjini humo, Émile Reynaud alisimama nyuma ya pazia katika jumba hilo, akizungusha kwa mikono utepe wa picha alizozichora na kuzitia rangi mwenyewe, moja baada ya moja. Hadithi ya Pauvre Pierrot ilikuwa na picha 500, nayo iliweza kuchukua hata robo saa, kwani aliupeleka utepe mbele na kuurudisha nyuma apendavyo. Ukiitazama leo, mistari inatetemeka kidogo, nawe unatambua kuwa kuna mkono wa mtu nyuma yake.

Lakini kila utepe ulikuwa mmoja tu, hauna nakala. Senema ya akina Lumière ilitolewa nakala nyingi, ikasafiri dunia nzima. Mwaka 1900 maonyesho ya Reynaud yalikoma pale Grévin. Miaka kadhaa baadaye, akiwa amevunjika moyo, alizitupa tepe zake nyingi katika mto Seine. Alifariki mwaka 1918. Zimesalia mbili: Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine.

Kutoka Grévin hadi mtoni ni kama nusu saa kwa miguu. Niliposimama darajani nikitazama maji, sikumfikiria Reynaud peke yake. Nilikumbuka kaseti ambazo wazee wetu walikuwa wakiturekodia na kututumia huku ugenini badala ya barua: salamu, dua, habari za arusi na misiba. Tulipohama nyumba nilitupa boksi zima, nikidhani zama zake zimepita, na redio kaseti yenyewe imekwisha haribika. Sauti ya marehemu mama ilikuwamo.

Ndugu zangu, kabla ya kukitupa kitu cha zamani, ulizeni kwanza kama kipo kingine mfano wake. Na mwenye kaseti kabatini, awape vijana wake wamtolee nakala wiki hii, inshallah.

Wabillahi tawfiq.