Philadelphia: Dhahabu, Fitina na Mzee Aliyekataa Kusemewa

Wengi wetu tukipata safari ya Marekani, moyo hutupeleka New York kwenye maghorofa, au Washington kupiga picha mbele ya Ikulu. Philadelphia tunaipita tu na treni. Mimi na mume wangu tulishuka. Sababu yangu ilikuwa sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1849, ambayo hadi leo inajulikana moja tu duniani. Ila kusema kweli, msomaji wangu, kilichonivuta zaidi ni kisa cha aliyeichonga, maana yaliyomkuta ofisini kwake ni yale yale yanayokukuta wewe Jumatatu asubuhi.

Anzia kona ya Mtaa wa Chestnut na Juniper, karibu kabisa na City Hall. Leo utakuta jengo kubwa la ofisi, watu wanaingia na kutoka na vikombe vya kahawa. "Sasa tumekuja kupiga picha ofisi za watu?" mume wangu akauliza. Nikamwambia asubiri. Kuanzia 1833 hadi 1901, hapa ndipo kilipokuwa kiwanda cha sarafu cha serikali, jengo la marumaru lenye nguzo nene kama hekalu la Kigiriki. Ndani yake alifanya kazi James Barton Longacre.

Longacre alizaliwa Pennsylvania mwaka 1794. Mama yake alifariki, baba akaoa tena, na kijana akaondoka nyumbani kuja kutafuta maisha mjini. Akawa fundi hodari wa kuchonga sura za watu kwenye sahani za shaba, zile za kuchapia picha vitabuni. Mwaka 1844 akateuliwa kuwa mchongaji mkuu wa kiwanda, kwa msaada wa mwanasiasa mzito, John C. Calhoun. Kwa lugha yetu, aliingia kwa kimemo. Na wewe unajua mtu wa kimemo anavyopokelewa.

Mkuu wa ugongaji, Franklin Peale, alikuwa na biashara yake binafsi ya medali, anaifanyia humo humo kiwandani. Mchongaji mwenye kazi nyingi angemharibia. Bosi wa kiwanda, Robert Patterson, naye alikuwa upande wa Peale. Kikulacho ki nguoni mwako!

Kisha dhahabu ikapatikana California, Januari 1848. Mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tarehe 3 Machi 1849 sheria ikapitishwa kuruhusu sarafu mbili mpya za dhahabu, ya dola 1 na ya dola 20. Kazi yote ikamwangukia Longacre, tena bila msaidizi. Alipomaliza mihuri ya dola 20, Peale akaikataa, akidai sura imeinuka mno na haitatoka vizuri.

Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha ziligongwa sarafu chache za majaribio. Hizi si zile za kwendea sokoni. Mihuri yake hung'arishwa, kipande cha dhahabu nacho hung'arishwa, kisha kinagongwa kwa uangalifu mkubwa mpaka uso ung'ae kama kioo. Upande mmoja kuna mwanamke aliyevaa taji, ndiye Uhuru wenyewe, na nyota 13 zimemzunguka. Upande wa pili ni tai. Chini ya shingo ya mwanamke, ukikaza macho, utaona herufi ndogo tatu: JBL.

Sasa sikia. Tarehe 25 Desemba 1849, Krismasi yenyewe, Patterson akamwandikia Waziri wa Fedha, William Meredith, barua ya kutaka Longacre afukuzwe. Mzee alikuwa na miaka 55. Angeweza kununa na kuwalalamikia majirani. Badala yake, Februari 1850 akafunga safari hadi Washington, akaonana na waziri uso kwa uso. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba waziri alikuwa amelishwa maneno. Longacre akabaki na kazi yake.

Mwaka huo huo sarafu zake zikaingia mtaani. Na kwenye zile za miaka ya mwanzo wataalamu wanaonyesha jambo la kuchekesha: neno LIBERTY kwenye taji lilianza kama LLBERTY, kisha I ikagongwa juu ya L. Fundi yule yule! Peale alifukuzwa mwaka 1854. Longacre alibaki kwenye kiti chake hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1869, na sura aliyoichonga ikaendelea kutumika kwenye dola 20 hadi 1907.

Mkitoka hapo, fuateni Chestnut kuelekea mashariki kama dakika 20, mpite Independence Hall, kisha mkate kushoto hadi Mtaa wa Arch. Kiwanda cha sasa kipo hapo tangu 1969, na kukitembelea ni bure. Jirani yake ni makaburi alikozikwa Benjamin Franklin, ambapo wageni hurusha senti juu ya jiwe lake. Kama unazo, tunza: senti za mwisho za matumizi ya kawaida ziligongwa humo kiwandani tarehe 12 Novemba 2025.

Sarafu yetu yenyewe haipo Philadelphia. Ilihamia Washington mwaka 1923 pamoja na mkusanyiko mzima wa kiwanda, na sasa ni mali ya Smithsonian. Ni safari ya treni ya kama saa mbili, njia ile ile ya kuelekea kwa waziri.

Ndani ya treni mume wangu alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema kuna mtu ofisini kwao anayempelekea bosi maneno, miezi minne sasa, na hakuwahi kuniambia. Tuliongea mpaka Washington. Jumatatu iliyofuata aliomba dakika kumi za bosi wake.