Pemba: Mkeka mmoja, mikono ya nyumba nzima

Anayekwenda Pemba kwa boti hushukia Mkoani, kusini mwa kisiwa, na gari likishaacha bandari tu barabara huanza kupanda na kushuka. Wengi wa bara hudhani kisiwa ni mchanga na minazi iliyoinama. Pemba ni vilima. Juu ya vilima kuna mikarafuu, mabondeni kuna mpunga, na kati yake kuna nyumba zenye baraza mbele na uwanja uliofagiwa tangu alfajiri. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na akipita mtu baada ya mvua za masika haulizi kwa nini.

Ukifika msimu wa karafuu, mgeni husikia harufu kabla hajaona kitu. Kisha huziona zenyewe, zimetandazwa uwanjani zikibadilika rangi kutoka kijani na wekundu hadi kahawia iliyoiva. Hupiga picha, huuliza bei ya kilo, huendelea na safari ya Chake Chake au Wete. Ni wachache wanaoangalia kilichotandikwa chini ya karafuu hizo. Katika viwanja vingi ni jamvi, na jamvi hilo lilisukwa nyumbani.

Jamvi ni la miyaa, mkeka ni wa ukindu. Mtoto wa Pemba hujua tofauti hiyo mapema kama mtoto wa Kariakoo anavyojua tofauti ya daladala ya Gongo la Mboto na ya Mbagala. Miyaa ni majani magumu na mapana kidogo, hutoka kwenye mmea wa jamii ya mitende unaostahimili ukame. Hufaa kwa vitu vya kazi: majamvi ya kuanikia, vikapu vya sokoni, makanda. Ukindu hutoka kwenye mkindu, mtende mwitu unaopenda maji, ndiyo maana huonekana kandokando ya mabonde. Majani yake ni laini na yakikauka huwa meupe, kwa hiyo hupokea rangi vizuri. Mkeka wa kumkaribishia mgeni, msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula: hivyo ni vya ukindu.

Shughuli yenyewe haianzi barazani. Huanza bondeni, na mara nyingi huanza na mvulana. Yeye ndiye hutumwa kukata, na huambiwa achukue makuti machanga ambayo bado hayajafunguka, asiguse moyo wa mti. Mkindu uliokatwa moyo haurudi. Mama anayeletewa mzigo mkubwa kuliko kawaida hashangilii. Huuliza umekatwa wapi na mingapi imebaki. Pale ambapo watu hawakuuliza, wasukaji sasa hununua ukindu kwa wachuuzi, na faida ya mkeka inaliwa kabla mkeka haujaanza.

Majani huanikwa juani siku kadhaa hadi yaache ukijani. Halafu huchanwa. Chane, yaani vile vipande vyembamba, ndiyo kazi ya kwanza ya watoto wadogo, si kuzichana bali kuzipanga: nyembamba huku, nene kule. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuifanya kazi hiyo na akajiona mtu muhimu. Na kweli ni muhimu, kwa kuwa chane zisizolingana upana hutoa ukili uliopinda, na ukili uliopinda hauna dawa.

Rangi huchemshwa uani, kwenye sufuria iliyostaafu kupika. Unga wa rangi hununuliwa dukani, ukatiwa kwenye maji yanayochemka, na chane zikazamishwa kwa mafungu. Nyekundu, kijani, zambarau, na ile ya manjano ambayo kila nyumba huitaka iwe kali kuliko ya jirani. Hapa watoto hukaa mbali. Hii ni sehemu moja ambayo akina mama wa Pemba hawabembelezi: maji yanayochemka na mtoto mdogo havikai uwanja mmoja, na sufuria ya rangi hairudi tena jikoni hata ikisuguliwa vipi. Mzazi wa mjini anayetaka kujaribu na wanawe aanze na hilo kabla ya kuanza na uzuri.

Baada ya alasiri

Saa ya ukili ni baada ya alasiri, jua likishapungua makali na vyombo vya mchana vikishaoshwa. Watoto wamerudi skuli, kama inavyoitwa Visiwani, na wengine wamekwisha kwenda chuoni na kurudi. Baraza hujaa taratibu. Bibi yupo kwanza, miguu imenyooshwa, chane ziko ndani ya kitambaa chenye maji maji pembeni yake, kwa kuwa ukindu mkavu hukatika na uliolowana sana hulegea ukikauka. Wifi hufika na fungu lake. Jirani hupiga hodi, huitikiwa, naye ana ukili wake kwapani umekunjwa mviringo kama gurudumu dogo. Hakuna anayekaribishwa kwa mikono mitupu, na hakuna anayesimamisha vidole ili azungumze.

Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa chane kadhaa zinazopishana mshazari, mkono huu na mkono ule. Kadiri chane zinavyokuwa nyingi ndivyo utepe unavyokuwa mpana na ndivyo maua yanavyoweza kuingia. Hakuna mchoro ulioandikwa. Hesabu imo kichwani: mbili juu, moja chini, ya rangi ipite, nyeupe irudi. Binti wa miaka minane au tisa huanzishwa na ukili mwembamba wa miyaa, usio na rangi, wa kushonea kikapu. Akikosea hufumuliwa. Hufumuliwa mbele yake, polepole, hadi pale kosa lilipo, kisha hurudishiwa mkononi bila maneno mengi. "Kaza, mwanangu," ndilo neno linalosikika zaidi katika baraza za Pemba jioni.

Wapo bibi ambao macho yamekwisha kuwatupa mkono. Kutunga uzi kwenye tundu la sindano hawawezi. Kusuka wanaweza, hata gizani umeme ukikatika, maana vidole ndivyo vinavyoona. Lakini mkeka haukamiliki bila sindano, kwani kili hupangwa sambamba na kushonwa ukingo kwa ukingo. Basi mjukuu hutunga uzi, bibi hushona. Uzi ukiisha, mjukuu huitwa tena kutoka mchezoni. Mtoto hulalamika, huja, hutunga, hukimbia. Inaweza kutokea mara thelathini katika jioni moja, na katika hizo mara thelathini ndimo bibi hupata nafasi ya kuuliza nani alimpiga nani skuli na kwa nini shati halina kifungo.

Kuna hesabu pia, na si ya kubuni. Ukili hupimwa kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao ni sawa na mikono minne ya kiwiko hadi ncha ya kidole. Tuseme mkeka una upana wa sentimita 120 na urefu wa mita 2, na ukili una upana wa sentimita 6. Zinahitajika kili 20, kila moja mita 2, jumla mita 40. Kwa pima ya karibu mita 1.8, hiyo ni zaidi ya pima 22. Mtoto anayejua kuwa jana bibi na mama walisuka pima mbili kwa pamoja anaweza kumwambia mchuuzi siku ya kurudi. Wapo walimu ambao wangelipia kuona kujumlisha na kugawanya kukikaa kichwani namna hiyo.

Hata hivyo isipambwe mno. Mkeka ni fedha, na Pemba fedha ina msimu. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na miaka ya kukata tamaa. Nyumba isiyo na mikarafuu yake hutegemea kuchuma ya wengine, na msimu ukiisha kipato nacho huisha. Katikati ya misimu ndipo mkeka, kawa na mkoba vinapobeba nyumba. Kwa desturi za huko na kwa sheria ya dini, alichochuma mwanamke kwa mkono wake ni chake. Fedha hiyo ndiyo hugeuka madaftari, viatu vya skuli na nauli ya kumpeleka mtoto hospitali bila kumsubiri mtu arudi baharini.

Kwa sababu hiyo mkeka wa plastiki si jambo dogo. Umeingia, ni mwepesi, unaoshwa kwa maji, una maua makubwa ya kupendeza na bei yake huwezi kushindana nayo kwa vidole. Nyumba nyingi za Pemba zinao, zikiwamo nyumba za wasukaji. Ukweli ni kwamba unafaa mahali pake: kwa mtoto anayekojoa, kwa sakafu yenye unyevu. Lakini hujikunja pembe, hupasuka kwa jua, na joto la Februari likishika mgongo hunata. Jamvi la miyaa hupitisha hewa chini ya karafuu, turubali halipitishi. Wakulima wanalijua hilo, na jamvi lingali na mnunuzi. Mkeka wa ukindu wa chumbani ndio ulioumia.

Ndani ya nyumba nyingine kuna mvutano juu ya jambo hilo, na si wa kelele. Baba huona binti yake wa kidato cha pili ana ukili mkononi na huona umaskini alioukimbia. Angependa aone kitabu. Mama huona vidole vilivyokwisha kujifunza na vitakavyosahau miaka miwili tu vikiachwa. Wote wawili wana haki. Panapopatikana suluhu, huwa ya kawaida kabisa: kitabu kwanza, ukili baada ya hapo, na ukili wa binti huuzwa kwa jina lake, fedha ikawekwa mkononi mwake. Pasipopatikana, mtoto husuka kama kibarua, hulala akiwa na kazi ya mwalimu haijaguswa, na akikua huapa hatagusa ukindu tena. Mtoto wa namna hiyo akipewa mkeka wa harusi huupeleka uvunguni.

Wavulana nao hawakuachwa nje. Kofia ya bulibuli, ile nyeupe iliyodariziwa kwa uzi, hushonwa na wanawake na pia wanaume. Kitambaa hutobolewa vitundu vidogo, kila kitundu huzungushiwa uzi, na ua likajitokeza kwa wingi wa vitundu. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, nyingine miezi, kwa kuwa hushonwa katika vipande vya muda: dakika kumi kabla ya magharibi, nusu saa baada ya kuvua. Undugu wa kofia hiyo na kumma ya Oman unaonekana kwa macho, na safari za karne nyingi kati ya pwani hizi mbili zinaeleza kwa nini. Baba anayekaa na kofia yake barazani, karibu na mkewe na ukili wake, huwa hana haja ya kumhubiria mwanawe kuwa kushona si kazi ya kike.

Kuelekea Sikukuu

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nyumba hugeuka. Chokaa hupakwa, mapazia hushushwa yakafuliwa, watoto hutumwa kuleta mchanga mweupe wa kumwaga uwanjani. Mikeka ya zamani hutolewa nje na kupigwa fimbo hadi vumbi lishe. Mkeka mpya huwa umefichwa juu ya kabati tangu Shaabani, umekunjwa na kufungwa kamba ya usumba, na kila mtoto anajua ulipo ingawa wote hujifanya hawajui. Hutandikwa usiku wa kuamkia Sikukuu. Asubuhi wageni huingia, hukaa, na macho yao huteremka chini kabla ya kufika kwenye kahawa na vileja.

Hapo ndipo watoto husubiri. Mgeni akisema rangi imekaa, aliyepanga chane hutazama aliyetunga uzi. Wahenga walisema mkeka mpya haulaliwi vema, na kweli usiku wa kwanza ukindu hukwaruza kidogo. Lakini watoto hugombania kuulalia.

Mzazi atakayekwenda Pemba na wanawe atapata mikeka na makawa masokoni Chake Chake na Wete. Bei hujadiliwa, ila kabla ya kuipunguza ni vyema apindue mkeka autazame upande wa pili. Mshono mzuri haulegei ukivutwa, ncha zimekatwa sawasawa, na rangi haiachi alama kwenye kidole kilicholowana. Akinunua, aukunje kwa mviringo, asiupinde katikati, kwa kuwa ukindu ukivunjika mstari huo haunyooki tena. Nyumbani usiwekwe penye unyevu, usioshwe kwa kulowekwa. Kitambaa chenye maji kidogo na kivuli chenye upepo vinatosha. Na mtoto akiuliza umeshonwa na nani, amwonyeshe mahali ambapo ukili mmoja umelegea kidogo kuliko wenzake. Mara nyingi pako, karibu na pembe, na vidole vilivyousuka ni vidogo.