Daftari la Benaco

Vijana wenzangu mnaopenda kuandika, nina riwaya inayoninyima usingizi. Tangu nimalize kidato cha nne nataka iwe ya kambi ya wakimbizi ya Benaco, kule Ngara. Sikuwapo, nimezaliwa kambi imeshafungwa. Ila mjomba wangu alikuwa utingo wa lori lililopeleka mahindi kule, na hadithi zake nimekua nazo.

Mambo yenyewe ni haya. Tarehe 28 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto Rwanda, watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo. Kwa siku moja hivi, waliingia Tanzania watu wapatao 250,000 kwa hesabu ya UNHCR. Ebu fikiria, mji mzima unahamia vilimani mara moja! Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka na mashirika mengine yakaja mbio na maji, dawa, chakula na maturubai. Watu wengi walipona. Hilo silibezi hata kidogo.

Sasa hapo ndipo kalamu inaponigomea. Wengi wa waliovuka walikuwa wanayakimbia majeshi ya RPF, na ndani yao walikuwamo waliochinja jirani zao na viongozi waliowatuma. Kambini watu walipangwa kwa wilaya walizotoka, na viongozi walewale wakatumiwa kugawa chakula. Bwana, anayeshika daftari ndiye anayeamua nani ale. Akiandika majina hewa, magunia ya ziada ni yake.

Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwamo Benaco. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Wewe ungefanyaje? Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua Novemba 1994 kujitoa kambini, likikataa msaada wake uwatie nguvu wauaji. Wengine walibaki. Na wao walikuwa na hoja: mtoto wa miaka miwili kamuua nani?

Nilimuuliza mjomba nani alikuwa sahihi. Akacheka kidogo, akasema, "Mjomba, mimi nilikuwa nashusha magunia tu. Bosi alikuwa yule anayeita majina."

Jibu hilo limenifungua macho kuliko mabishano yote. Hata mwisho wa kambi uliamuliwa juu ya vichwa vya waliokuwa kwenye foleni. Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR waliwatangazia Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Amnesty International ikapinga, ikidai asilazimishwe mtu. Mama mwenye bakuli lake hakuulizwa, si na meya wala na mzungu.

Kwa hiyo daktari wa kwenye shangingi, niliyekuwa nimempa ushujaa, nimemsogeza pembeni. Mhusika wangu mkuu ni mama huyo. Anajua kusoma, na anaona kwenye daftari majina ya watu ambao hawakuvuka daraja. Akisema, usiku hema lake litatembelewa. Akinyamaza, wanawe watakula nusu kibaba.

Nawe unayeandika juu ya wakimbizi, usiishie kwenye turubai na machozi. Tafuta daftari liko mikononi mwa nani.