HATUA 40

Wahenga walisema, "Ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa." Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi nikidhani naielewa. Nimeielewa uzeeni, hapa nyumbani Rubafu, baada ya magoti yangu kugoma.

Nina umri wa miaka 73. Zamani nilishuka ziwani na kupanda na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika. Siku hizi kutoka kitandani hadi barazani ni safari. Hapo barazani hukaa na mkongojo wangu, nikamenya ndizi na kuchambua kahawa iliyoanikwa kwenye jamvi. Mikono bado ina kazi. Wapita njia hunisalimu, "Shikamoo bibi, pole na magoti!" Nami huitikia, "Marahaba, wanangu."

Kilichonishinda ni choo. Choo chetu ni cha shimo, kipo ndani ya kibanja, hatua 40 kutoka mlango wa nyuma, kwenye mteremko unaoteleza mvua inyeshapo. Kufika ni taabu, kuchuchumaa ni taabu zaidi, na kuinuka ndio mtihani wenyewe. Usiku mmoja wa masika nilianguka njiani. Nilikaa kwenye matope chini ya migomba mpaka nikapata nguvu za kutambaa kurudi ndani. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje kumweleza mwanangu jambo kama hilo?

Badala yake nikaacha kunywa maji kuanzia saa tisa alasiri. Hata chai ya jioni nikaikataa. Baada ya wiki chache mdomo ulinikauka na kichwa kikawa kinazunguka. Mkwe wangu akasema ni malaria. Mwanangu akasema ni uzee tu. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo hutakiwa kutibiwa bila malipo. Lakini kabla ya matibabu kuna nauli ya bodaboda. Walinipakia, wakanishika huku na huku kama gunia la kahawa. Nikapimwa malaria, haikuonekana. Kila mtu alizungumza habari zangu, ila hakuna aliyeniuliza.

Aliyeniuliza ni mjukuu wangu, mtahiniwa wa kidato cha nne kama ninyi. Jioni moja aliweka daftari kando, akaketi karibu nami.

"Bibi, mbona siku hizi hunywi chai?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote. Hakucheka. Aliuliza tena, "Sasa unataka tufanyeje?"

Jumamosi tulifanya kazi pamoja. Alichukua kiti cha mbao cha zamani, akakata tundu katikati ya sehemu ya kukalia, akalainisha kingo kwa msasa, kisha akakiweka juu ya shimo. Wengine wakitaka kuchuchumaa, hukisogeza kando. Alichonga vidato kwenye mteremko, akachimbia nguzo na kufunga kamba ya kushika. Mimi ndiye niliyemwonyesha kila nguzo ikae wapi, kwa kuwa mahali panapoteleza napajua mimi. Tulinunua misumari na kamba tu.

Magoti hayajapona. Lakini chai ya jioni nakunywa, kizunguzungu kimekwisha, na usiku natembea hatua zangu 40 polepole, mwenyewe.

Enyi vijana mlio na wazee nyumbani, msikimbilie kuwabeba. Waulizeni kwanza, kisha nyamazeni mpaka wamalize kujibu. Ng'ombe aliyejikokota mpaka zizini ndiye anayejua ni mguu upi unaouma.