Sanduku la Kanga za Mama

Mwaka 1986, nikiwa na miaka tisa, mama alinichukua dukani Ngamiani, Tanga, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kusoma. Rangi hazikumshughulisha. Alinisimamisha mbele ya muuzaji nimsomee jina la kila doti, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye "Hasidi hana sababu". "Hiyo hiyo," akasema. Jioni ile alijifunga, akapita mara mbili mbele ya baraza ya shangazi, dada yake baba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wiki iliyofuata shangazi akaja kuomba chumvi, amejitanda "Akufukuzaye hakwambii toka".

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo, wifi. Labda wewe."

Chumvi ikatolewa.

Hawakuwa peke yao. Kanga zilienea pwani mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne iliyofuata zikaanza kubeba maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazoandikia leo. Mwanamke akiulizwa, "Unanikusudia mimi?" anaweza kujibu kwamba amenunua nguo tu, wala muulizaji hana ushahidi. Siidharau njia hiyo hata kidogo. Mawifi waliochangia ua mmoja na bomba moja la maji walihitaji pa kuwekea hasira bila kukata undugu.

Nilipoolewa Dar es Salaam, somo yangu alinifunda kwamba ya chumbani hubaki chumbani, na mume akipandisha sauti, mimi nishushe yangu. Nikashusha miaka kumi na moja. Nilichokinyamazia ndani kikaja kutokea kwenye simu: naweka fumbo kwenye stetasi ya WhatsApp, mume wangu analisoma, kesho anaweka la kwake kuhusu watu wasio na shukrani. Usiku tunakula sinia moja. Kisha usingizi ukapotea, kifua kikawa kinabana. Nikapimwa presha, sukari, moyo, yote salama. Daktari akaniandikia nikamwone mshauri nasaha.

Niliogopa. Kizazi changu tuliyajua maneno hayo kutoka kwenye UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na tangu tulipoanza kulisikia, jina la ushauri nasaha lilikuwa jina la chumba cha kupimia. Nilivuta mtandio usoni korido nzima, nisionekane naingia mlango ule.

Nilimkuta mama wa makamo, aliyenisikiliza karibu saa nzima bila kunipa shauri lolote. Nilitarajia aniambie nivumilie, au niondoke. Mwisho akasema, "Dada yangu, maneno yako yote kuhusu mumeo yanaanza na yeye. Umenidharau. Unanipuuza. Hunijali. Hebu nianzie na 'ni'."

Nilidhani ni jambo jepesi. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya mtu, kisha yakatoka na machozi: "Niliumia niliposikia kwa ndugu zake kwamba kazi yake imekwisha."

Alinieleza kwamba "umenidharau" ni mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. "Niliumia" ni habari. Mtu anaweza kubisha kwamba hakunidharau, lakini hawezi kubisha kwamba sikuumia. Akanionya pia, na onyo hilo nalirudia kwa kila mwanamke anayeniuliza: katika nyumba yenye kipigo usianze na sentensi, anza na usalama wako.

Mara ya tatu mume wangu alikubali kuja. Yeye alipewa kazi moja, kabla ya kunijibu aseme kwanza alichosikia. "Kwa hiyo uliumia kwa sababu niliwaambia wao kabla yako?" Nikaitikia. Akatazama mikono yake. "Niliona aibu kwako," akasema. Miaka yote ile nilikuwa nimejua kwa yakini kwamba ni dharau.

Hatukubadilika siku ile. Tulirudi kwenye mafumbo mara nyingi, Ramadhani moja karibu nzima hatukusemezana ila kwa ajili ya futari. Lakini mmoja wetu alikuwa ameshajua njia ya kutokea, na siku hizi hufika mapema zaidi.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumsaidia mama kuanika kanga zake za sandukuni. Chini kabisa nikaikuta "Hasidi hana sababu", rangi imepauka kwenye mikunjo. Nikamuuliza kile ambacho nisingethubutu kumuuliza zamani: shangazi alimkosea nini hasa? Nilidhani ni mambo ya nyumba ya urithi.

"Mimba yangu ilipotoka," akasema, "ile ya kabla ya mdogo wako. Hakuja kunitazama. Siku arobaini sikumwona mlangoni."

"Ulimwambia?"

"Nilimvalia."

Shangazi alifariki mwaka 2009. Mama aliikunja ile doti mara mbili, akabaki nayo mapajani. Halafu akaniuliza kama niliwahi kusikia shangazi alikuwa na nini miezi ile, kama alikuwa mgonjwa, au nyumbani kwake kulikuwa na neno. Sikuwahi kusikia. Naye hakuwahi kuuliza.