Ahadi ya Mdomo



Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba 2024 simu yangu ililia nikiwa nimekwisha kuzima taa. Alikuwa mdogo wangu, yule aliyevuka ziwa Tanganyika pamoja na mkewe wakati wa vita, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kisha akapelekwa Marekani, katika jimbo la Iowa. Hapa Kalemie ilikuwa saa sita ya usiku; kwake jua lilikuwa bado halijatua. "Yaya," akaniambia, "mtoto wako ana neno la kukuuliza. Mimi nimeshindwa kulijibu."

Nikasikia sauti nzito ya kijana niliyemwacha mdogo. "Baba mkubwa, nilitoa neno langu kwa chuo kikuu kimoja kwamba nitawachezea mpira. Sasa chuo kingine, kikubwa kuliko hicho, kinaniita. Nikibadili, ni dhambi?"

Nilimjibu upesi mno. Lakini kabla sijawaambia nilimjibu nini, inafaa mwelewe jambo lenyewe, maana nami sikulielewa usiku ule.

Mpira huo si huu wetu. Ni mpira wenye umbo kama la yai, unaobebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kugongana kwa nguvu inayotisha. Mtoto wetu alianza kwa kupiga mpira wa mifuko ya plastiki kule kambini. Alipofika Iowa, kocha wa shule yake ya sekondari aliyatazama mabega yake akamvuta upande ule mwingine. Nchini humo wavulana karibu milioni moja huucheza katika shule za sekondari, na vyuo vikuu ndivyo vinavyowachagua. Msidhani ni mchezo wa kupitisha jioni baada ya masomo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huketisha watu zaidi ya 100,000, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kupita wote, hata gavana, ni kocha wa mpira huo.

Basi makocha huzunguka kama wachuuzi. Huja shuleni, hutazama video, hukaa sebuleni mwa wazazi, husifu chakula cha mama. Mtoto hualikwa kukitembelea chuo, naye hulipiwa safari na malazi. Kisha kocha humwambia: tuna nafasi yako, na masomo yako tutayalipa, yaani ule ufadhili ambao sisi hapa tunauita burse. Mtoto akikubali, habari hutangazwa, marafiki hushangilia, bibi hulia kwa furaha. Hata hivyo, neno hilo ni la mdomo tu. Halimfungi mtoto wala halimfungi kocha, na kocha aweza kuwapa watoto wengi neno hilohilo kuliko nafasi alizo nazo. Kinachofunga ni karatasi, nayo hutiwa sahihi baadaye. Zamani wengi walingoja Jumatano ya kwanza ya Februari. Tangu mwaka 2017 kuna pia siku za Desemba, na sasa walio wengi hutia sahihi wakati huo.

Hata karatasi ina historia yake. Kuanzia mwaka 1973 burse ya mchezaji ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja: mwaka ukiisha, chuo kiliweza kumwacha. Ni mwaka 2012 tu vyuo viliporuhusiwa tena kuahidi miaka zaidi. Fikirini mzazi aliyetoka kambini, asiyesoma Kiingereza vizuri, atajuaje kuuliza karatasi hii ni ya mwaka mmoja au minne?

Jambo moja katika utaratibu wao lilinifurahisha, kwa kuwa mimi ni mwalimu na kazi yangu ni kuwafunza walimu. Kijana anayetaka kucheza katika daraja la kwanza la vyuo lazima awe amefaulu masomo 16 ya msingi katika sekondari, yaani Kiingereza, hesabu, sayansi na mengine ya namna hiyo, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Kumi kati ya masomo hayo awe ameyamaliza kabla ya mwaka wa mwisho. Mabega mapana hayamfutii mtu hesabu aliyoshindwa. Mdogo wangu aliniambia kwamba mtoto, alipojua kanuni hiyo, alianza kulala na kamusi.

Nanyi mnawajua ndugu zetu waliopitia njia hizo, au zilizo karibu nazo. Dikembe Mutombo, aliyesoma kwa Wajesuiti wa Boboto huko Kinshasa, alikwenda Georgetown, chuo kingine cha Wajesuiti, mwaka 1987, akitaka kuwa daktari. Ni pale kocha John Thompson alipomwingiza katika timu ya mpira wa kikapu. Alicheza miaka mingi, lakini pia alimaliza masomo yake, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Aliaga dunia mwaka 2024, mwezi wa Septemba. Katika ule mpira wa umbo la yai, tunaye Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada. Chuo Kikuu cha Michigan kilimchukua kutoka Montreal, na mwaka 1995, katika mchezo mmoja dhidi ya Ohio State, alikimbia na mpira yadi 313. Mwaka uliofuata timu ya kulipwa ilimchagua akiwa wa nane katika nchi nzima. Na mwaka huohuo wa kwanza goti lake liliumia vibaya.

Goti. Nitalirudia neno hilo.

Usiku ule wa Novemba sikujua lolote kati ya hayo. Nilikumbuka tu yale Bwana aliyoyafundisha mlimani juu ya ndiyo na siyo, nami nikasema kama katekista anayesoma swali na jibu: "Mwanangu, neno lililotolewa limetolewa. Usiliuze kwa sababu mwingine amekuja na sahani kubwa zaidi." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Sawa, Baba mkubwa." Siku iliyofuata akakipigia simu kile chuo kikubwa, kwa sauti yake mwenyewe, akakataa. Nilijivuna. Niliwasimulia hata wanakwaya.

Wiki mbili baadaye, siku chache kabla ya siku ya sahihi, yule kocha wa chuo kidogo, aliyekula mezani kwa mdogo wangu na kumwita mtoto "mwanangu", aliondoka. Alipata kazi mahali pengine, penye mshahara mkubwa. Kocha aliyeingia badala yake aliandika ujumbe mfupi: anawahitaji wachezaji waliokwisha kukomaa, ambao siku hizi huhama kutoka chuo kimoja hadi kingine kwa wepesi; nafasi ya kijana haipo tena. Chuo kikubwa nacho kilikuwa kimekwisha kumpa mwingine ile nafasi. Hakuna sheria iliyovunjwa na mtu yeyote. Mtoto alipoteza vyote viwili kwa sababu alinisikiliza mimi.

Baba yake hakunilaumu. Alisema tu: "Ndivyo ilivyo, Yaya," akauliza habari za mvua.

Ukimya ule niliutambua. Nilikuwa nimekwisha kuusikia mara moja katika maisha yangu, na hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo sikupata kulisema katika mafundisho yangu yote.

Nilipokuwa mwalimu kijana, shule moja ilinipa kazi ya kuandaa timu ya mpira wa miguu kwa mashindano ya shule. Nikasikia habari za mvulana wa kijiji kimoja kando ya ziwa, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu. Nilikwenda kwa baiskeli. Baba yake, mvuvi, alinichinjia kuku, tena alikuwa nao wawili tu. Nikamwambia: "Mzee, nipe mtoto. Shule haitamdai minervali wala fedha za walimu mpaka apate diploma ya Serikali." Mkuu wa shule alikuwa ameniambia hivyo kwa mdomo, nami nikayasema kwa mdomo, huku mfupa wa kuku ukiwa mkononi mwangu. Mvulana alikuja, akatupatia kombe. Muhula uliofuata aligongwa goti, akawa anachechemea. Baada ya Pasaka jina lake lilisomwa uwanjani pamoja na majina ya wote wenye madeni, akarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimesimama palepale, katika mstari wa walimu. Sikufungua kinywa. Nilikuwa na watoto wangu, nilihitaji kazi yangu. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Baba yake alikuja nyumbani kwangu mara moja. Hakupandisha sauti. Alikaa, akanywa maji, akaniuliza kama mavuno ya mihogo yalikuwa mazuri, akaondoka.

Kwa hiyo sikosoi makocha wa Iowa kutoka juu. Nimeisoma mara nyingi ile sura ya 16 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, nabii anapowatazama wana wa Yese waliosimama mbele yake mmoja mmoja, wenye vimo na sura nzuri, na siku zote nilijiweka upande wa Mungu atazamaye moyo. Nilistahili kujiweka upande wa wapima mabega. Hata jibu langu la usiku ule halikuwa la uongo, lilikuwa nusu. Nilimfundisha mtoto kutunza neno lake kwa mtu mzima, nisimfundishe kumwomba mtu mzima neno lake kwa maandishi: burse hii ni ya miaka mingapi, nikivunjika nani atanitibu, kocha akiondoka nitabaki na nani, wangapi kati ya wachezaji wenu humaliza masomo. Nilidhani kuuliza hivyo ni kukosa heshima.

Kijana yuko sasa katika chuo cha miaka miwili, hukohuko Iowa. Anacheza huko, na anasoma kwa matumaini kwamba chuo kikuu kingine kitamchukua baadaye. Mwisho wa muhula wa kwanza alinitumia alama zake, hesabu ikiwa juu ya yote. Nami siku hiyo, kwa kuwa nilimwona ni mtu mzima, nilimsimulia habari za mvulana wa kando ya ziwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitazamia aseme kwamba amenisamehe. Aliuliza: "Baba mkubwa, ulirudi kumwona?"

Sikuwa nimerudi. Ni miaka zaidi ya 25.

Jumatatu iliyopita niliandika barua. Mchuuzi mmoja wa ndagala anayeshinda katika njia ile aliipokea, akaniambia kwamba mzee amekwisha kufariki, lakini mtoto yupo, ana nyavu zake na watoto wanne. Mkubwa anamaliza shule ya msingi mwaka huu. Nimemwomba aniruhusu nije Jumamosi. Bado hajajibu.